Kutoka Southampton hadi Dalbeattie: siku nane kwenye njia ya Titanic

10 Aprili, Southampton

Nimelala hapa tangu jana. Basi la kutoka Leicester, ninakofanya kazi ya uuguzi, lilichelewa sana njiani, kwa hiyo nimeamka na uchovu, lakini nilitaka kuwa bandarini kabla ya saa sita mchana. Ndiyo saa ambayo Titanic ilifungua kamba, tarehe kama ya leo, mwaka 1912. Gati lake, namba 44, liko ndani ya bandari inayofanya kazi mpaka leo, nami sina kibali, nikaishia langoni. Upepo ulikuwa mkali, shakwe wanapiga kelele, malori yanaingia na kutoka. Saa sita ilipofika nilivua kofia, nikasimama dakika chache.

Nieleze kwa nini nimekuja. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 13, nyumbani Kirumba, Mwanza. Mkanda wa Titanic ulipofika kwenye kibanda chetu cha video, mtafsiri alikaa pembeni na kipaza sauti, akawa anasimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya wazungu: huyu ndiye Jack, kijana wa kuchora picha, hana mbele wala nyuma, yule ndiye Rose, binti wa watu. Sisi watoto tulijazana mbele, chini kabisa, mimi na mdogo wangu tumeshikana mikono. Watu wazima walikuwa kwenye mabenchi nyuma yetu. Meli ilipoanza kuinua mkia nikasikia mabenchi yanasogezwa. Walikuwa wanatoka nje, mmoja mmoja. Ilikuwa imepita miaka miwili tu tangu MV Bukoba ipinduke, 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza safari fupi kufika Mwanza, na mama yetu mdogo ni mmoja wa wale ambao hawakuonekana. Mtafsiri naye alinyamaza. Sehemu yote ya kuzama ilipita bila neno hata moja la Kiswahili.

Miaka mingi baadaye nilijua kwamba Jack na Rose hawakuwahi kuwepo. Niliumia kama mtu aliyegundua kwamba jeneza alilolilia lilikuwa tupu. Watu wa kweli walikuwa kwenye ile picha, lakini pembeni, wakipita nyuma ya wapenzi wawili. Safari hii ni ya kuwatafuta hao.

Hapa mjini hawako mbali. Mabaharia na wahudumu wengi wa Titanic walikuwa na anwani za Southampton. Mgomo wa wachimba makaa ulikuwa umezilaza meli bandarini na kuacha wanaume bila kazi wiki nyingi, kwa hiyo waliopata nafasi kwenye meli mpya waliona wamebahatika. Kwenye jumba la makumbusho la SeaCity, lililofunguliwa 10 Aprili 2012, sakafuni kumechorwa ramani ya mji yenye alama kwa kila nyumba iliyopoteza mtu. Nyumba zaidi ya 500. Kuna mitaa ya karibu na bandari ambako alama zimebanana kama mchele uliomwagika. Nilijikuta nazikwepa kwa miguu, sitaki kuzikanyaga. Na mshahara wa baharia ulihesabiwa mpaka saa meli ilipozama, basi.

Jioni nimepita kwenye mnara wa wahandisi, bustani ya East Park. Umezinduliwa mwaka 1914. Hakuna mhandisi hata mmoja wa Titanic aliyetoka hai. Walibaki chini na mitambo, na taa za meli ziliwaka mpaka dakika za mwisho kabisa. Ukitazama tena ile filamu, angalia jinsi taa zinavyowaka hadi mwisho. Hayo mwongozaji James Cameron ameyaonyesha sawasawa.

Jambo moja dogo lililonifurahisha: ile meli kubwa ya maigizo waliyoijenga Rosarito, Meksiko, ilikamilishwa upande wa kulia tu, wakati hapa Southampton Titanic ilifungwa gatini kwa upande wa kushoto. Ikabidi maandishi yote ya mabango na kofia yaandikwe kinyumenyume, halafu picha igeuzwe. Kazi yote hiyo ili upande uwe sahihi. Nitalikumbuka hili nikifika Dalbeattie, Uskoti, mwisho wa safari hii.

11 Aprili, Cherbourg

Feri ya asubuhi kutoka Poole, bahari imetulia. Titanic nayo ilivuka mkondo huu, ikafika hapa Ufaransa saa kumi na mbili na nusu jioni. Haikufunga gatini, kwani Cherbourg haikuwa na gati la kuitosha. Ilitia nanga nje, abiria 274 wakapelekwa na meli mbili ndogo, Nomadic na Traffic. Saa mbili na dakika kumi usiku ikaondoka. Haikukaa hata saa mbili, na katika muda huo alipanda mtu ambaye ndiye hasa aliyenileta Ufaransa.

Jina lake Joseph Laroche. Alizaliwa Cap-Haïtien, Haiti, mwaka 1886, akatumwa Ufaransa akiwa na miaka 15 kusomea uhandisi. Alifuzu, akaoa Mfaransa, Juliette Lafargue, wakapata mabinti wawili, Simonne na Louise. Louise alizaliwa kabla ya wakati na afya yake ilihitaji madaktari, madaktari wanahitaji fedha, na Laroche na shahada yake alikuwa haajiriwi kwa mshahara unaomstahili kwa sababu ya rangi yake. Basi akaamua kurudi kwao Haiti, ambako mjomba wake, Cincinnatus Leconte, alikuwa rais. Mama yake akawatumia tiketi za meli mpya ya Kifaransa, iliyoitwa France. Lakini kwenye meli hiyo watoto hawakuruhusiwa kula pamoja na wazazi wao. Laroche na mkewe hawakukubali kutenganishwa na watoto mezani. Wakabadilisha tiketi zile kwa daraja la pili la Titanic.

Nimeandika hayo nikasimama kidogo. Mimi ni mama. Ningefanya vilevile.

Ndiye mwanamume mweusi pekee anayejulikana miongoni mwa abiria. Usiku ule aliwapakia mkewe na watoto kwenye boti, yeye akabaki. Alikuwa na miaka 25, na mwili wake haukupatikana. Juliette, aliyekuwa mjamzito, alirudi kwa baba yake Villejuif, na Desemba 1912 akajifungua mvulana. Akampa jina la Joseph.

Filamu ya Cameron, ya mwaka 1997, haimwonyeshi. Kwenye kile kibanda cha Kirumba tulikuwa watoto weusi zaidi ya 50 tukitazama meli ile kama dunia ya wazungu watupu, kumbe alikuwemo. Louise, yule mtoto mgonjwa, aliishi mpaka Januari 1998, mwezi ambao filamu hiyo ilikuwa inajaza kumbi za sinema hapa kwao Ufaransa.

Kituo cha zamani cha abiria wa meli za Atlantiki sasa ni makumbusho, Cité de la Mer. Kitafunguliwa kesho.

12 Aprili, Cherbourg, halafu baharini

Nimeingia makumbusho mapema. Ukumbi ni mkubwa, dari juu sana, umejengwa miaka ya 1930, kwa hiyo Laroche hakupita humu. Lakini kuna maonyesho mazuri ya Titanic, na nimekaa mbele ya maelezo ya wahamiaji mpaka mlinzi akaniuliza kama niko salama. Jioni nimepanda feri ya kwenda Dublin.

Usiku huu, kitandani, na injini inanguruma chini ya sikio langu, nimetazama kwenye simu filamu ya Uingereza ya mwaka 1958, *A Night to Remember*, ya mwongozaji Roy Ward Baker. Haina wapenzi. Haina mtu mmoja wa kumfuata toka mwanzo mpaka mwisho, ingawa afisa wa pili, Lightoller, ndiye anayeonekana zaidi. Mshauri wao mmoja alikuwa Joseph Boxhall, afisa wa nne wa Titanic mwenyewe. Na humo kuna kitu ambacho filamu ya Cameron haikukiweka: meli ya Californian, iliyosimama usiku ule kwa kuhofia barafu, karibu kiasi kwamba wa huku na wa kule waliona taa. Ilikuwa na mtu mmoja tu wa redio, Cyril Evans. Alipojaribu kuwaarifu Titanic habari za barafu, mtu wa redio wa huko, Jack Phillips, aliyezidiwa na telegramu za abiria, alimwambia anyamaze. Evans alikwenda kulala muda mfupi kabla meli haijagonga. Watu wa zamu wa Californian waliona fataki zinarushwa angani. Hakuna aliyemwamsha Evans mpaka alfajiri.

Sisi watu wa hospitali tunaijua hali hiyo. Taarifa imetolewa, aliyepokea ana kazi nyingine mkononi, na anayefuata amemaliza zamu.

Lakini filamu hiyo nayo ina kosa kubwa: Titanic inazama ikiwa nzima. Kosa si lao peke yao. Lightoller aliliambia baraza la uchunguzi kwamba meli haikukatika, na baraza likakubali. Wapo abiria waliosema waliiona ikikatika vipande viwili. Eva Hart, aliyekuwa na miaka saba na aliyempoteza baba yake, aliendelea kusema hivyo maisha yake yote. Ilipofika 1 Septemba 1985, timu ya Robert Ballard na Jean-Louis Michel ikaikuta chini, karibu meta 3,800, omo, yaani mbele, mahali pake, shetri, yaani nyuma, mahali pake, mbalimbali. Miaka 73 neno la mtoto lilikuwa kweli na neno la afisa lilikuwa kwenye vitabu.

Sijawahi kulala vizuri kwenye meli tangu 1996. Nimeona mahali boya langu lilipo, nimehesabu ngazi. Nitajaribu.

13 Aprili, Dublin hadi Cobh

Siku ya treni. Mdogo wangu amenitumia ujumbe wa sauti kutoka Mwanza: "Dada, shikamoo. Nimeona mtandaoni kuna kaburi la Jack Dawson huko Kanada, watu wanapeleka maua. Sasa mbona unasema hakuwepo?"

Nimemjibu nikiwa dirishani, Dublin inabaki nyuma, kwa sababu jibu linatoka hapa. Kaburi lipo kweli, makaburi ya Fairview Lawn, Halifax, namba 227, limeandikwa J. Dawson. Ni Joseph Dawson, kijana wa Dublin, mpanga makaa: kazi yake ilikuwa kusukuma makaa kwa toroli kutoka ghalani mpaka kwa wachochea moto, kwenye joto na vumbi, chini kabisa ya meli. Cameron alisema alipotunga jina la Jack hakujua kama kuna mtu kama huyo. Baada ya filamu, wasichana walianza kumwachia maua na tiketi za sinema. Halifax kumezikwa watu 150 wa Titanic, maiti walizotoa baharini mabaharia wa Mackay-Bennett na meli nyingine.

Amenijibu: "Basi walau anapata maua."

Nimefika Cobh gizani.

14 Aprili, Cobh

Asubuhi nimefungua pazia, na mji wote ukawa chini yangu: nyumba za rangi zimepangana kushuka kilima, kanisa kuu la St Colman juu, maji ya bandari mbele. Mwaka 1912 mji uliitwa Queenstown. Hapa Titanic ilisimama mara ya mwisho, 11 Aprili, ikichukua abiria 123, na 113 kati yao wakiwa wa daraja la tatu. Ofisi ya kampuni iliyomiliki Titanic bado ipo ukingoni, sasa ni makumbusho, na nyuma yake zimebaki nguzo za gati la mbao zilizooza, zinatoka majini nyeusi. Huko ndiko waliposhukia kwenda kwenye boti za kuwapeleka. Mawimbi yanaingia na kutoka katikati ya nguzo. Nilikaa hapo saa nzima na chai ya kikombe cha karatasi.

Abiria saba walishuka Queenstown. Mmoja alikuwa Francis Browne, kijana aliyekuwa akisomea upadri wa Kijesuti. Mjomba wake askofu alimnunulia tiketi ya kutoka Southampton mpaka hapa, na kamera alikuwa ametangulia kumzawadia. Melini Wamarekani wawili wakampenda, wakataka kumlipia aende mpaka New York. Akaomba ruhusa kwa telegramu. Jibu la mkuu wake lilikuwa fupi: shuka kwenye hiyo meli. Akashuka, na picha zake zikashuka naye: chumba cha redio, chumba cha mazoezi, mtoto akizungusha pia, kile kidude cha kuchezea, huku baba yake anamtazama, abiria wanatembea sitahani. Picha ya yule mtoto na pia lake Cameron aliiigiza vilevile kwenye filamu yake. Inapita upesi, ukipepesa umeikosa. Browne alifariki mwaka 1960 na negativu zake zikasahaulika sandukuni. Mwenzake mmoja wa shirika alilifungua mwaka 1985. Mwaka uleule meli ilipopatikana.

Alipanda hapa pia Eugene Daly, mpiga zumari la Kiayalandi. Meli ilipong'oa nanga alisimama nyuma, akaipigia nchi yake wimbo wa maombolezo. Alinusurika kwa kushikilia boti iliyopinduka. Baadaye aliandika kwamba alimwona afisa mmoja akiwapiga risasi watu wawili, kisha akasikia mlio mwingine, akamwona afisa yule amelala chini, na watu wakamwambia amejipiga. Hakutaja jina la afisa. Nimeliandika hili kwa makini, maana ndilo linalonipeleka Uskoti.

Na Daniel Buckley, kijana wa hapahapa jimbo la Cork, daraja la tatu. Mbele ya maseneta wa Marekani alisema waliposhika ngazi kupanda juu, mtu wa meli aliwafungia geti dogo mbele yao, na abiria mmoja akalivunja. Nataja hili kwa sababu wapo wanaosema mageti ya kwenye filamu ni chumvi. Kwenye filamu yameongezwa ukubwa, ndiyo, yakawa kama ya gereza. Lakini Buckley alikuwepo, alikula kiapo, akasema. Wa daraja la kwanza waliookoka walikuwa zaidi ya nusu. Wa daraja la tatu ni kama robo. Kutoka parokia ya Addergoole, jimbo la Mayo, walipanda hapa watu 14 pamoja. Wakafa 11. Kila mwaka, usiku wa kuamkia 15 Aprili, kengele hugongwa kwao Lahardane saa nane na dakika 20, saa ambayo Titanic ilizama.

Ni saa tano na dakika 40 usiku sasa. Ndiyo saa ya meli ilipogonga mwamba wa barafu, Jumapili. Mwenye nyumba ya wageni, mama wa makamo, aliniona nimeketi sebuleni na daftari, akaniletea blanketi bila kuuliza kitu. Nimefungua filamu ya 1997 kwenye simu, nimeikimbiza mpaka hapo, nimezima sauti. Ninaitazama kama ile siku, bila maneno. Safari hii siwatazami Jack na Rose. Namtazama anayepita nyuma: mwanamke na watoto wawili kitandani, wazee waliokumbatiana, wapiga muziki. Kuna mtumishi anagawa maboya, sijawahi kumwona kabla ya leo.

Ilipofika meli kusimama wima, nimeizima. Mama mdogo alikuwa na miaka 31.

15 Aprili, treni mpaka Belfast

Nimesinzia njia nzima, kwa hiyo machache.

Kuna filamu moja ya Titanic ambayo hakuna atakayeiona tena. Dorothy Gibson alikuwa mwigizaji wa filamu bubu Marekani, naye alikuwa abiria wa daraja la kwanza. Alitoka kwenye boti namba 7, ya kwanza kabisa kushushwa, karibu saa sita na dakika 40 usiku. Chini ya mwezi mmoja, 14 Mei 1912, ilitoka filamu, *Saved from the Titanic*, yeye ndiye nyota, akijiigiza mwenyewe, amevaa nguo zilezile alizookokea. Nakala zikaungua kwenye moto wa studio, Fort Lee, mwaka 1914. Nikiwa muuguzi najiuliza ni nani aliyemruhusu msichana yule kuvaa tena nguo zile baada ya siku chache.

Boti namba 7 ilikuwa na nafasi 65. Iliondoka na watu 28 hivi.

16 Aprili, Belfast

Jengo kubwa la Titanic Belfast, lililofunguliwa 2012, limesimama pale meli ilipojengwa, na nyuma yake uwanja umechorwa mistari ya umbo la meli yenyewe. Nimetembea toka omo mpaka shetri, meta 269, nikichukua dakika tatu na ushee. Hapa, 31 Mei 1911, mtoto wa miaka sita aitwaye William MacQuitty aliletwa kuiona ikishushwa majini. Akakua, akawa mtayarishaji wa ile filamu ya 1958. Thomas Andrews, mbunifu, na mafundi wenzake wanane wa karakana hii waliosafiri nayo kuikagua, walikufa wote.

Maonyesho ni mazuri, yana sauti na mianga na kiti kinachokuzungusha. Sikukaa sana. Kilichonishika kiko nje, kwenye kidimbwi cha Hamilton: Nomadic. Ile meli ndogo ya Cherbourg. Imekuwa mgahawa Paris, nusura iuzwe chuma chakavu, ikarudishwa hapa mwaka 2006. Ndiyo iliyobeba abiria wa daraja la kwanza na la pili, na daraja la pili ndilo la Joseph Laroche.

Nimeingia. Mabenchi ya mbao, kuta nyeupe zenye nakshi, ngazi nyembamba. Kama alimbeba Louise, alimbeba humu. Nilishika mbao za mlango kwa kiganja chote, nikamwambia jina lake kwa sauti ndogo, Joseph, kisha nikasema na la mama mdogo. Mzungu mmoja na mkewe walinipisha.

17 Aprili, Dalbeattie

Feri mpaka Cairnryan, kisha mabasi, mvua ya manyunyu. Dalbeattie ni mji mdogo wa mawe ya kijivu, kusini mwa Uskoti. Nilishuka, nikauliza jumba la mji, bibi mmoja akanionyesha kwa mwavuli. "Umekuja kwa Will Murdoch," alisema, si kama anauliza.

William Murdoch alizaliwa hapa 28 Februari 1873. Alikuwa afisa wa kwanza, na ndiye aliyekuwa na zamu meli ilipogonga. Usimamizi wa boti za upande wa kulia ulikuwa wake. Lightoller, upande wa kushoto, alielewa amri kuwa wanawake na watoto tu. Mwanamume akikataliwa, nafasi inabaki wazi. Murdoch aliwaita wanawake na watoto kwanza, wasipokuwepo karibu, akaingiza wanaume. Kwa hiyo upande wake ndio uliookoa wengi zaidi. Boti namba 7 ya Dorothy Gibson ni yake. Sitaficha kwamba hata namba 1 ni yake, iliyoondoka na watu 12 ilhali nafasi ni 40.

Kwenye filamu ya 1997 anapokea hongo ya tajiri, anampiga risasi abiria, kisha anapiga saluti na kujipiga mwenyewe kichwani. Kwenye kibanda cha Kirumba tulipiga mayowe. Tulimwona ni mwoga aliyepata haki yake. Hongo hiyo haina shahidi hata mmoja. Habari za afisa aliyejipiga risasi zipo, kama nilivyoandika Cobh, lakini Daly hakutaja jina. Lightoller yeye alimwandikia mjane wa Murdoch, Ada, kwamba yeye, akiwa juu ya paa la vyumba vya maafisa, alimwona mumewe chini yake mpaka mwisho, akihangaika kushusha boti, ndipo maji yakawachukua. Ni yuleyule Lightoller aliyesema meli haikukatika, najua. Hata hivyo, kumpa mtu mwenye jina lake, mwenye mji wake, hongo na bastola ili hadithi inoge, ni jambo ambalo wala usahihi wa taa wala wa herufi za kinyumenyume haulifidii. Watu wa hapa walilalamika. Aprili 1998 mkubwa mmoja wa studio alikuja mwenyewe mpaka hapa kuomba radhi, akaleta pauni 5,000 kwa ajili ya tuzo ya kumbukumbu ya Murdoch katika shule ya sekondari. Cameron naye baadaye alisema kwamba anajutia. Lakini mkanda ulikuwa umeshafika Kirumba, na kuomba radhi hakukufika.

Kibao chake kiko ukutani mwa jumba la mji. Nimesoma jina, nimegusa jiwe, lilikuwa baridi na limelowa. Nimepiga picha, nikamtumia mdogo wangu. Jibu lilirudi kabla sijafika kituoni:

"Dada, huyu si ndiye yule aliyejipiga risasi?"

Basi linakuja baada ya dakika 40. Nimekaa kwenye benchi la kituo, mvua inagonga paa, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Nikamwambia, mdogo wangu, sikiliza, na uwaite na watoto wasikilize. Huyu anaitwa William. Ni saa sita na nusu usiku, baridi kali, bahari imetulia kama ziwa letu alfajiri. Yuko upande wa kulia wa meli, anaita watu waje kwenye boti namba 7, na watu hawataki kuja.